Nyumba Kando ya Kreta

Jumanne saa tatu asubuhi, mkaguzi wa picha alikuwa amefikia picha ya arobaini. Kazi yake ilikuwa kupitia picha za Mirihi zilizopigwa na chombo kinachoizunguka sayari hiyo, na kuzungushia mstari kila alichokiona na kukipa alama kutoka kwenye orodha: shimo la kreta, tuta la mchanga, korongo. Hata jiwe la ukubwa wa meza lilionekana. Kila picha ilipitiwa na watu watatu. Wawili wakikubaliana, alama imepita.

Kwenye picha ya arobaini na moja, kando ya kreta, ilikuwapo nyumba ya mama yake, na kiraka chake cha bluu kwenye bati. Nyumba hiyo ilibomolewa miaka miwili nyuma kupisha maegesho ya magari. Ofisi ya ardhi ilishikilia kwamba kiwanja kilikuwa kitupu tangu mwanzo, na mama akawa analala sebuleni kwa binti yake huyu mkaguzi.

Nyumba haikuwamo kwenye orodha ya alama. Akaiandika chini ya "mengineyo."

"Dada, hii si nyumba ya mama?" aliuliza mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Miwani.

"Ndiyo."

"Mbona mlango umegeukia nyuma? Si ulikuwa unatazama barabarani?"

"Barabara iko wapi huko?"

Miwani akafikiri, akaandika nyumba. Wa tatu aliandika mwamba, kwa sababu huandika mwamba kila mara. Ikapita.

Mchana alimpeleka mama ofisi ya ardhi na picha iliyochapishwa. Karani alilipima bati kwa rula.

"Kweli, mama, nyumba ilikuwepo. Samahani kwa usumbufu."

"Kwa hiyo mnanirudishia kiwanja changu."

"Hapana. Dai lako linasema nyumba ilibomolewa. Hii ni nzima. Imehama tu."

Akagonga muhuri, akafunga jalada.

Nje, binti hakujua kama ashukuru au arudi ndani kugomba. Wameaminiwa, na mama hana pa kukaa vilevile.

"Sasa huko napandia gari wapi?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

"Na unafanya kazi hukohuko."

Ijumaa msimamizi aliongeza alama ya nyumba kwenye orodha, kati ya korongo na tuta. Wiki iliyofuata maegesho yalipanuliwa hadi kwenye nyumba za majirani, na mkaguzi wa picha akaitumia alama hiyo mara kumi na moja.