Mfano wa Nini?

Nshamba nzima ilijua kwamba Mwalimu Immakulata hana kitu. Mshahara wake ulikuwa ule ule wa walimu wenzake, na sehemu kubwa ilikwenda kwa mama yake kule Ijuganyondo. Hata hivyo hakukuwa na mwanamke aliyependeza kama yeye siku ya Jumapili, wala nyumba iliyochunguliwa na wapita njia kama vile vyumba vyake viwili vya kupanga nyuma ya maduka. Waliokuwa wavivu wa kuuliza walisema ana mtu wake mjini Bukoba. Waliouliza aliwaambia ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mgumu kuaminika kuliko uongo.

Lile gauni la bluu lenye mikono iliyovimba mabegani lilikuwa la shangazi yake, Ma Klaudia, aliyelivaa kanisani enzi za Mwingereza kisha akalifungia kwenye sanduku la bati mpaka akalisahau. Immakulata alilifumua lote, akageuza upande wa ndani ukawa nje pale kitambaa kilipopauka, akalishona upya kwa cherehani ya kuazima. Viti vyake vya mbao nyeusi alivitoa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyefunga duka na kuondoka. Vilikuwa vimevunjika miguu, hakuna aliyevitaka; akaviunga mwenyewe. Mapazia yalikuwa mifuko ya unga wa ngano, ile ya kitambaa, aliyoichemsha mpaka maandishi yakatoka, kisha akaichovya katika maji ya magome hadi ikapata wekundu kama wa udongo wa barabara ya Muleba. Ukutani alitundika kipande kikubwa cha lubugo, ile nguo ya magome waliyovaa mababu, ambacho kwa Ma Klaudia kilikuwa kikifunikia mtumbwi wa kukamulia pombe.

Na kila likizo alisafiri. Alipanda juu ya lori la kahawa, ndizi zake zilizochemshwa zikiwa zimefungwa kwenye majani, akaenda Bukoba. Mara moja alifika hata Mwanza kwa meli, daraja la tatu, amevaa kofia ya manyasi aliyoisuka mwenyewe, na baharia mmoja akamwelekeza daraja la kwanza kwa heshima zote.

"Wewe mwenzetu unaishi kama mke wa gavana," jirani yake Jovita alizoea kumtania.

"Gavana mwenyewe alishaondoka," Immakulata alijibu. "Nimebaki mimi."

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Vijiji vilikuwa vinapangwa, kampeni hazikwishi, na mwaka huo ikaja ya nyumba bora. Mkaguzi wake, Ndugu Saburi, alitoka mjini kwa Landrova, akazungushwa kijijini na mwenyekiti wa kijiji, Ta Apolinary. Walitazama vyoo, wakatazama madirisha, wakatazama vichanja vya vyombo. Walipofika kwa Immakulata, Ndugu Saburi alisimama mlangoni, akavua viatu bila kuambiwa.

Aliingia taratibu. Akagusa pazia. Akakisogelea kile kipande cha lubugo mpaka pua yake ikakaribia kukigusa.

"Hivi viti, mwalimu, umevitoa wapi?"

"Mjini, ndugu. Vilikuwa vibovu."

"Na haya?"

"Mifuko ya unga."

Ndugu Saburi akamtazama kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba ni utani. Akaguna. Akazunguka chumba tena, mikono nyuma, akaguna mara nyingine. Hatimaye akasema, "Nyumba hii ni mfano," akavaa viatu, akatoka.

"Mfano wa nini, ndugu?" Immakulata aliuliza, lakini gari lilikuwa limeshawashwa.

Jumamosi ulikuwapo mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa soko. Ta Apolinary alimwita Immakulata akae mbele. Akaenda na lile gauni la bluu, kwa furaha, maana alidhani anajua alichoitiwa.

"Ndugu wananchi," Ndugu Saburi alianza kwa sauti ya juu, "tunajenga ujamaa na kujitegemea! Lakini miongoni mwetu wapo watu ambao ukiingia nyumbani kwao, unashangaa! Unajiuliza, huyu ni nani? Mimi nimeingia nyumbani kwa Mwalimu Immakulata, hapa hapa Nshamba. Nimeona viti! Nimeona mapazia! Nimeona hata ukuta umevalishwa nguo! Sasa nawaambia, kila mmoja wenu akaitazame nyumba ile, kisha ajiulize: na mimi je? Simama, mwalimu, wakuone!"

Immakulata akasimama. Makofi yakaanza upande wa kulia, yakasitasita, yakafa. Upande wa kushoto wakaanza, wakaona wenzao wamenyamaza, wakanyamaza nao. Mzee Mushumbusi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito na Kiswahili chake hafifu, aliuliza kwa Kihaya kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia:

"Amefanya nini huyo?"

"Sijui," akajibiwa. "Labda ameshinda."

"Labda ameiba," akasema mwingine.

Ndugu Saburi alikuwa ameshahamia kwenye vyoo, kisha kwenye mibuni iliyozeeka. Hakuna aliyemwambia Immakulata aketi. Alibaki amesimama juani, mikono ya gauni iliyovimba mabegani ikipepewa na upepo, asijue kama akikaa atakuwa amekosa adabu kwa mgeni au kwa wananchi. Alikaa watu walipoanza kutawanyika, kisha akalazimika kusimama tena ili aondoke.

Jovita alimfuata mbio njiani. Alimshika mkono.

"Hongera," alisema mwishowe. Halafu akamtazama usoni. "Au pole, mae, mwenzangu?"

"Hata mimi sijui, Jovita."

Kesho yake kanisani, bibi mmoja aliyezoea kukaa naye benchi moja alihama. Mwingine akamnong'oneza wakati wa kutoka, akitaka kujua ni magome ya mti gani. Mwalimu mkuu alimshauri akae kimya kwanza mpaka mambo yajulikane. Mambo gani, hakusema. Na mchana watu wakaanza kuja. Waliambiwa wakaitazame nyumba, basi wakaja kuitazama, makundi kwa makundi, wakivua viatu, wakisimama katikati ya chumba. Immakulata aliwakaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama desturi. Bibi kizee mmoja aliipokea, akaitafuna huku akikodolea macho viti, kisha akauliza kwa unyenyekevu:

"Sasa, mwalimu waitu, tujiulize nini?"

Usiku ule Immakulata hakupata usingizi. Aliitazama ile nyumba aliyoipenda, akaona kama ni ya mtu mwingine, mtu mwenye jambo la kuficha. Asubuhi akayashusha mapazia, akayakunja, akayasukumia chini ya kitanda.

Hazikupita siku nyingi Ta Apolinary akabisha hodi, kofia mkononi.

"Mwalimu, mapazia yako wapi? Mgeni akirudi akakuta hayapo, mimi nitasema nini?"

"Ta Apolinary, keti." Akamsogezea kiti. Mzee akakitazama, akaamua kusimama. "Wewe ulikuwa naye siku mbili nzima. Niambie, pale uwanjani nilisifiwa au nilishtakiwa?"

Ta Apolinary aliizungusha kofia vidoleni. Alikuwa mtu mwema, na swali lile lilikuwa linamwumiza yeye pia.

"Mwalimu, nikuambie ukweli. Mimi nilipiga makofi kwa sababu mwalimu mkuu alipiga. Alipoacha, nikaacha."

"Basi niyatundike au nisiyatundike?"

Mzee akatazama dirisha moja, kisha jingine.

"Tundika dirisha moja," alisema.

Akatundika dirisha moja. Chumba kikawa kama mtu aliyefumba jicho, na Immakulata akawa akisahihisha madaftari ya wanafunzi ameupa mgongo upande ule.

Muhula ulikuwa karibu kwisha alipoteremka kwenye basi la kutoka mjini mwanamke mnene aliyevaa buibui, akauliza njia, akafika mlangoni akihema.

"Wewe ndiye Mwalimu Immakulata? Mimi Shamsia, mke wa Saburi. Mwanangu, umenivurugia nyumba!"

Immakulata akampisha mlangoni. "Nimekosa nini, mama?"

"Umekosa? Mume wangu tangu arudi kutoka huku kila kitu changu kibaya. Makochi yangu mazito, mapazia yangu ya dukani yanameremeta kama khanga ya harusi. Viti vya mwalimu, ukuta wa mwalimu! Nikasema, basi nipe nauli nikaone." Aliingia, akaona dirisha moja lina pazia na jingine halina. "Hili umelifanyaje?"

Immakulata akamweleza yote: uwanja, makofi, jua, kahawa, kofia ya Ta Apolinary. Shamsia alisikiliza, kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Hotuba ile! Mwanangu, hotuba ile anaisema kila mahali. Ni hiyo hiyo, anabadilisha jina tu. Kamachumu alimsimamisha mtu mwenye zizi."

"Zizi lilikuwa zuri au baya?"

"Hata hakumbuki," akasema Shamsia.

Immakulata alitaka kucheka naye, akashindwa. Hasira ilikuwepo, na nafuu ilikuwepo, na zote mbili zilitaka kutoka kwa mlango mmoja. Akaona heri ashike kazi. Akaleta sufuria kubwa na mifuko ya unga aliyokuwa ameiweka, wakaichemsha na magome mpaka jioni, na Shamsia akarudi mjini na furushi la mapazia mekundu na mwaliko: likizo ikianza, njoo uyatundike mwenyewe.

Likizo ilipoanza Immakulata alipanda lori la kahawa. Alifika Bukoba amefunikwa vumbi, amejitanda khanga kichwani, akaelekezwa hadi nyumba moja karibu na soko. Mlango ulifunguliwa na Ndugu Saburi, amevaa msuli na fulana.

"Karibu, karibu ndugu," alisema kwa ukarimu. Hakumtambua hata kidogo. "Shamsia yuko sokoni, atarudi sasa hivi. Kaa."

Akakaa. Mapazia yalikuwa yameshatundikwa, kombokombo kidogo. Ndugu Saburi alimwona akiyatazama, uso wake ukachangamka.

"Umeyapenda? Yametoka Nshamba haya. Kuna mwalimu mmoja kule, loo, ungeiona nyumba yake!"

"Ikoje?" Immakulata aliuliza.

Ndugu Saburi akafungua kinywa. Mkono wake ukainuka kama ulivyoinuka siku ile uwanjani, ukabaki hewani. Alitazama pazia, akatazama sakafu, akatafuta neno, na alivyokuwa akilitafuta Immakulata aliona kwamba mtu huyu hakuwa na ubaya wowote. Alichokosa ni neno tu.

"Sijui hata nisemeje," alisema Saburi hatimaye, akaushusha mkono. "Niliingia, nikatamani nisitoke."

Immakulata aliifungua khanga kichwani, akakung'uta vumbi.

"Nipatie stuli, ndugu," alisema. "Haya yametundikwa vibaya."