Mzee Honi Afuta Vumbi

Miaka aliyoendesha gari la mkate, yule mzee alikuwa akipiga honi kila kona, hata mahali pasipo na mtu wala paka. Ndipo watu wakambandika jina la Mzee Honi. Lakini macho yalipomwishia, yeye aliyejua kila uchochoro wa mji akabaki na kiti chake, redio yake na njia ya kwenda chooni. Mwaka wa pili huo, na alizidi kunywea kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto.

Aliishi na binti yake, msusi, ambaye alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na kwa hiyo mzee alimwita "mama". Siku moja mteja alimpasha msusi kwamba makumbusho ya mji yamefungua chumba cha vyombo vya zamani vya nyumbani. Jioni akaingia nyumbani na habari hiyo.

"Baba, nataka nikupeleke makumbusho."

"Kipofu na makumbusho wapi na wapi?"

"Nitakueleza kila kitu."

"Wewe, mama? Harusi ya dada yako nilikuuliza bibi harusi kapendezaje, ukaniambia kavaa nguo. Nikamshukuru Mungu."

Msusi alicheka, lakini neno lilimchoma. Kesho yake akaenda peke yake kupeleleza. Ngazi zilikuwa chache, na vyuma vya kushikilia vipo. Benchi lipo. Mhudumu alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, kitambaa cha vumbi begani.

"Shikamoo, mama. Baba yangu haoni. Akija, ataruhusiwa kugusa?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Kila mtu akigusa, kesho tutaonyesha watu mpini mtupu."

Msusi akaitikia kwa kichwa. Akageuka kwenda zake. Yule mama akamtazama, akashusha kitambaa begani, akakikung'uta taratibu.

"Jumatatu tunafunga, tunafuta vumbi," alisema. "Anayefuta vumbi hagusi, anafanya kazi. Baba yako kazi anaiweza?"

"Kazi ndiyo anayoililia."

"Basi niache nikamwombe mkubwa wangu."

Ruhusa ikatoka kwa simu: mikono iwe safi, pete zivuliwe, na kitu kisiinuliwe kutoka mezani. Ikabaki kumshawishi mwenyewe, naye kuonewa huruma alikuchukia kuliko njaa. Msusi alisubiri mpaka mzee alipomaliza chai.

"Kuna mama kule makumbusho anatafuta wa kumsaidia kufuta vumbi."

"Nikafute vumbi nisiloliona?"

"Hata sisi wenye macho hatulioni, baba, mpaka tupitishe kidole."

Mzee alinyoosha mkono. Akaipunguza redio. "Lile shati langu la mikono mifupi," akauliza, "umeliweka wapi?"

Jumatatu ile mhudumu aliwakuta mlangoni, akamketisha mzee mbele ya meza iliyotandikwa shuka, akamtia kitambaa mkononi. Kitu cha kwanza kilikuwa rahisi.

"Pasi ya mkaa," mzee alisema, vidole vikiufuata mdomo wake. "Mwenzake aliniunguza hapa." Akaonyesha kovu.

Cha pili kilikuwa cha mbao, chenye matuta. Akakipapasa juu, akakipapasa chini, akatoa hukumu. "Ngazi ya kuku. Ya kupandia bandani."

"Ubao wa kufulia, mzee."

"Haiwezekani. Nguo gani hiyo? Hiki ni cha kuku."

"Mimi ndiye ninayeona hapa, siyo wewe!"

Msusi aliinuka benchini. Tangu macho ya baba yake yamwishie, watu walimsemesha kwa kunong'ona kama mgonjwa. Mzee aligeuza uso kule sauti ilikotoka, mdomo wazi. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya ashike meza.

"Huyu mama ana ulimi!" alisema. "Lete kingine."

Kinu cha kahawa akakiita taa. Kibao cha mbuzi akasema ni kigoda cha mtoto, akasahihishwa na meno ya chuma kabla ya mhudumu. Alibisha kila kitu, akashindwa karibu kila kitu, na kila akishindwa alizidi kunyooka kitini. Msusi alikaa benchini mikono mapajani. Hakuna aliyemhitaji kueleza chochote, na ndani ya furaha yake kulikuwa na kijiwivu kidogo, akakiacha kikae.

"Jumatatu ijayo tuna nini?" mzee aliuliza akinawa mikono.

"Viti."

"Viti nitavikalia."

"Thubutu uone!"

Jumatatu iliyofuata saluni ilimwagikiwa na jamaa za bibi harusi mmoja, msusi asipate nafasi hata ya kukohoa. Mhudumu akasema atampitia mzee mwenyewe, ni njia yake. Ilipofika saa tano msusi alishindwa kuvumilia. Akabana kitana kwapani, akapiga simu. Ilipopokelewa alisikia kwanza baba yake akibisha kwa mbali, kwamba kiti kile ni cha kinyozi na hatoki mpaka akubaliwe.

"Mama, baba hajambo? Amechoka?"

"Tuko kazini, mwanangu," mhudumu alijibu. "Piga baadaye."

Simu ikakatwa. Msusi alisimama nayo mkononi akicheka peke yake, mpaka bibi harusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akageuka kutaka kujua na yeye kulikoni.