Sahani ya Mama Mkwe

Mpaka leo Priscille akisikia harufu ya viazi vitamu vikikaangwa kwa mawese, moyo wake unarudi Kamina, mwaka ule wa 1999, na mate yanamjaa kinywani kabla ya machozi. Tumbo halina adabu, afanyeje?

Vita vilikuwa vimekata njia. Gari moshi lilikuja lilipopenda, unga wa mahindi uliishia kwa askari, na mji mzima ukageukia viazi vitamu. Asubuhi viazi, mchana viazi, jioni viazi tena. Watoto walitaniana kwamba mtu akijikata kidole hatatoka damu, atatoka uji wa viazi. Uani palikuwa na kicheko hata siku za njaa, na Priscille angetoa mengi kukisikia tena.

Kilichoadimika hasa ni chumvi. Mumewe, Amédée, aliifuata Luena kwa baiskeli, akarudi na vumbi hadi kwenye kope. Na kabla ya mtu mwingine kuionja, ilikwenda kwa Mama Phébé, mama mzazi wa Priscille, aliyewakimbilia kutoka kijijini. Kwa desturi yao ya Kiluba, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, wala hawaonani wakila. Basi mtu ataonyeshaje upendo? Amédée aliuonyesha kwa sahani. Viazi vilikatwakatwa, vikaogelea kwenye mawese, kisha yeye mwenyewe akavinyunyizia chumvi bila ubahili. Priscille alivipeleka kibanda cha nyuma alikolala mama yake, na sahani ikarudi tupu. Kurudisha chakula cha mkwe ilikuwa sawa na kumwambia aje achukue mahari yake.

Shida ni kwamba Abner, muuguzi jirani yao, alikuwa amempima Mama Phébé presha akatikisa kichwa.

"Mama, tension yako iko juu sana," alisema. "Kilazi yenyewe haiko mubaya. Chemusha na maganda yake, kula na mboga ya lenga-lenga. Ile mafuta mingi na chumvi njo itaharibu mishipa yako ya damu."

"Basi nimurudishie muko wangu, bwana ya mutoto yangu, sahani?" Mama Phébé alimkodolea macho. "Weye Abner, banakulelea wapi?"

Abner alipoondoka, Mama Phébé akamgeukia binti yake. "Ukimuambia bwana yako, minyi narudia kijijini. Hata kama vita iko."

Priscille alimjua mama yake, angeondoka kweli. Akafunga mdomo, na kila jioni aliibeba ile sahani huku roho ikimuuma.

Asubuhi moja Mama Phébé alishindwa kushika kikombe. Mdomo ulikwenda upande, maneno yakamnata. Abner alikuja mbio na vidonge vichache alivyokuwa navyo, akasema Mungu amempa nafasi, lakini nyingine huenda isipatikane. Hapo ndipo Priscille alipomwambia mumewe yote.

Amédée aliketi chini palepale. "Kumbe minyi njo nilikuwa namuua? Na weye unanyamaza?" Alikasirika, akalia, akakasirika tena. Kisha akatafuta kuku na kitenge, akawapelekea wazee wa ukoo wa mkewe, maana desturi hiyohiyo ina mlango wake: mkwe akitoa zawadi, wazee wakikubali, anaruhusiwa kumwona mama mkwe.

Wazee walikubali. Amédée akaingia kibandani na viazi vilivyochemshwa, bila mafuta, bila chembe ya chumvi. Mama Phébé akageuza uso ukutani.

Priscille alisimama mlangoni. Mama yake akikataa sasa, atakufa kwa heshima, na hakuna wa kumwokoa.

Amédée alipiga magoti, akamenya kiazi, akanyoosha mkono. "Mama, ile sahani nilikuwa natuma juu nilikosa namna ya kukuambia kama nakupenda. Leo nakuambia na kinywa. Kula."

Kisha Mama Phébé akageuka polepole, akamtazama usoni mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu harusi. Akapokea kile kipande mdomoni, akakitafuna kwa upande uliokuwa bado mzima.

"Muko wangu," alisema, maneno yakiburuta, "hii kilazi haiko na butamu hata kidogo."

Akafungua kinywa tena.