Arlene, Kocha wa Wasichana

Dada yangu Arlene alianza kucheza lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu, katika shule ya mjini, kule ambako watoto wa kwetu hupelekwa na basi la manjano. Siku moja alirudi na fimbo ya plastiki yenye wavu kichwani, ameificha ndani ya koti. Mama aliiona kabla hajavua viatu.

"Hiyo nini?"

"Ya shule, Mama. Wasichana wote wanacheza."

"Wasichana wote wa huko. Wewe si wa huko."

Kwetu, watu wa Onondaga, wenyeji wa asili wa Amerika, mchezo huu ni dawa. Muumba aliwapa wanaume waucheze mbele zake, na mtu akiugua huchezwa kwa ajili yake. Baba alichonga fimbo za hikori, mti mgumu, kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na sisi wasichana tulijua kutokanyaga mle wala kuzigusa. Arlene akajitetea kwamba ya kwake ilikuwa plastiki tupu, haihusiani na za Baba.

"Mbao au plastiki, mkono ni ule ule," Mama alisema, akaendelea kukoroga supu ya mahindi.

Hakumpiga, wala hakuichoma ile fimbo. Ila hakwenda kumtazama akicheza hata siku moja, na Baba naye hakwenda.

Arlene hakuacha. Alicheza mpaka akamaliza chuo, kisha akawa kocha msaidizi chini ya makocha wakuu waliokuja na kuondoka, yeye akibaki kuendesha gari la timu na kufua jezi. Alikuwa na mchumba, fundi bomba, mtu mpole. Bwana huyo alichoka kula peke yake kila msimu wa michezo, akaenda zake. Mwishowe chuo kimoja kidogo kule milimani kikampa Arlene timu awe kocha mkuu. Timu yenyewe ilikuwa hoi. Kipa wake wa kwanza alikuwa msichana wa mpira wa wavu aliyebembelezwa hadi akakubali. Machi ilipoingia walichukua makoleo wakaondoa theluji uwanjani kwa mikono yao, kisha wakaja wageni wakawafunga.

Kila alipokuja nyumbani, kaka yetu Delbert alimpokea mlangoni.

"Kocha, juzi mmefungwa mangapi?"

"Kumi na saba."

"Nanyi mkafunga?"

"Matatu."

"Aa, mnapanda. Mwaka jana yalikuwa mawili."

Arlene alicheka pamoja naye. Alimpenda sana Delbert, maana ndiye pekee aliyeuliza.

Binti wa Delbert, Kaylin, alikuwa na mbio za kulungu, na wakati wake wasichana wa kwetu wengi walikuwa wakicheza katika shule za mjini. Arlene akaja kumwombea ruhusa acheze katika timu ya chuo chake. Tulikuwa mezani sote.

"Mpe mtoto nafasi, Mama," alisema.

"Nafasi ya nini?"

"Ya kusoma. Chuo kitampunguzia karo."

"Kusoma asome. Kwani kalamu inashikwa kwa wavu?"

Delbert akacheka bila kutaka. Kaylin akasema taratibu, "Bibi, mimi nitakwenda. Usinikasirikie."

"Sikukasirikii, mjukuu wangu. Nakuhofia tu."

Msimu ule wa kwanza wa Kaylin ndio msimu pekee ambao dada yangu alinipigia simu kwa furaha. Walishinda, wakashinda tena. "Wilma, ungemwona," aliniambia. "Njoo basi." Nikaenda bila kumwambia Mama. Kulikuwa na manyunyu. Kaylin alifunga mawili, akapokea mpira tena, akageuka, na hapakuwa na mtu karibu naye. Goti likapinda upande. Nilimwona Arlene akikimbia kabla mimi sijaelewa kwamba mtoto ameanguka.

Kaylin alipasuliwa goti, akafanya mazoezi mwaka mzima, daktari akamruhusu. Arlene alimuuliza mara mbili kama kweli anataka.

"Shangazi, nataka. Nitakaa nifanye nini?"

Msimu ulikuwa haujafika katikati kano za goti lile lile zikakatika tena. Safari hii daktari alisema hata ngazi zitamsumbua maisha yake yote. Kaylin akakata tamaa na masomo pia. Delbert alikwenda kumchukua, na Arlene akamsaidia kubeba mabegi hadi garini.

"Delbert," alianza.

"Rudi ndani, dada. Baridi."

Akawasha gari, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena amefungwa mangapi.

Bila Kaylin timu ilirudi ilikokuwa. Mkurugenzi wa michezo alimwita ofisini, akamshukuru, akamshukuru tena, mpaka Arlene mwenyewe akasema, "Nimeelewa." Timu akapewa Brooke, msichana aliyekuwa mchezaji wake. Brooke alimpigia simu akilia.

"Kocha, sikuiomba mimi. Wamenipa tu."

"Ichukue. Usipoichukua wewe atapewa mtu asiyewajua wasichana."

Arlene akarudi nyumbani, akawa analala katika chumba chetu cha zamani. Aliomba kazi kila chuo alichokijua. Vichache vilijibu, na vilivyojibu vilisema nafasi imejazwa.

Vuli ile mapafu ya Baba yalikataa. Wanaume wakakusanyika kumchezea mchezo wa dawa. Sisi wanawake tulisimama mbali, karibu na miti, kama ilivyo desturi. Dada yangu alisimama kati yangu na Mama. Kijana mmoja aliacha upande wa kushoto wazi, nikaona midomo ya Arlene ikitaka kusema. Akaifumba. Mchezo ulipokwisha nilimvika shali yangu. Baba alifariki kabla theluji haijaanguka.

Mwaka uliofuata akina mama vijana walianzisha timu ya wasichana hapa hapa kwetu, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mama alinuna, lakini wakati wake wa kuzuia ulikuwa umepita. Arlene akaenda kwa binamu yetu Tanya, aliyekuwa akiisimamia, akajitolea kufundisha bure.

"Binamu, ingekuwa mimi ningekubali leo leo," Tanya alisema. "Lakini wazazi wanamwona Kaylin anavyotembea. Kila siku wanamwona."

"Naelewa."

"Labda mwakani."

"Labda."

Jioni Mama alimwekea chakula, wala hakuwa na furaha usoni kama nilivyodhani angekuwa nayo. Arlene alikula kidogo, akaweka kijiko.

"Mama, Kaylin asingeumia, ungekuja siku moja kunitazama?"

Mama alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya watoto wake.

"Hapana," alisema. "Ningekuombea, lakini nisingekuja."

"Haya," Arlene akasema, akainuka, akaosha sahani yake.

Siku hizi anafanya kazi katika nyumba ya wazee kando ya barabara kuu, anawaogesha na kuwalisha. Kaylin anauza petroli kituo cha jirani, na Arlene huendesha gari hadi mjini kujaza mafuta.