Kibao Kilichoingia Pipa la Jamleck

Mimi sipendi mtu aguse meza yangu. Jamleck anajua, mkewe anajua, hata mama wa chapati anayetuletea chai saa nne anajua; huweka kikombe changu sakafuni na kurudi zake. Mimi na Jamleck tunapanga banda moja nyuma ya Kenyatta Market. Yeye anaunda mageti ya chuma upande wa mlango, mimi napaka rangi vibao vya klabu za magari, vile wanachama hufunga nyuma ya magari yao, upande wa dirisha, na katikati kuna mstari wa chokaa niliouchora kwa mkono wangu.

Kazi yangu inataka subira, nami subira sina. Vibao huletwa kwangu vikiwa vimeshamwagwa kwa alumini, vina vikwaruzo kila mahali, herufi zimetuna. Navisugua, navipiga rangi ya chini ili ya juu ishike, kisha nakipaka kibao kizima, herufi na yote. Rangi ikikauka, nazungushia kipande cha mbao msasa mwembamba na kuupitisha juu ya herufi peke yake. Hapo ndipo jina la klabu linapochomoza likang'aa, na hapo ndipo mimi husahau kugombana na watu.

Jumatano alikuja Mzee Ndegwa kutoka Karen, mwenyekiti wa Klabu ya Injini Nyuma, wale wenye Volkswagen za zamani. Miaka tisa nawapakia vibao. Siku hiyo alileta kimoja tu, kimefungwa kwa taulo. Kilikuwa namba saba, rangi ya buluu imebanduka nusu.

"Mama Quincy, hii ilikuwa ya Wahu," akasema. Wahu ni marehemu mkewe, amelala miaka sita sasa. "Gari yake tuliuza kitambo. Sasa Nyawira amenunua yake, ameitengeneza mpaka imesimama. Jumamosi nataka nimfungie hii ya mamake mbele ya watu wote. Hajui."

Nyawira ni binti yao wa pekee. Nikamwambia mzee Ijumaa jioni kitakuwa tayari, na nikasema kwa madoido, kama mtu ambaye hajawahi kuharibu kitu.

Baada ya mzee kuondoka nikaanza kukwangua rangi ile ya zamani. Ilikuwa ngumu ajabu. Nikalalamika kwa sauti mchana kutwa, na Jamleck akanisikia. Alhamisi asubuhi nikaenda mjini, Kirinyaga Road, kutafuta buluu inayofanana. Kibao nikakiacha ukingoni mwa meza.

Jamleck ana pipa la kostiki, maji makali ya kung'oa rangi kwenye mageti makuukuu. Chuma ukikitia humo kinatoka safi. Alumini ukiitia humo inachemka, inatoa povu, inaliwa. Fundi wa rangi yeyote anajua. Mtu wa mageti hajui, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kutia humo kitu kingine ila chuma.

Niliporudi alinipokea mlangoni anatabasamu.

"Mama Quincy, leo nimekusaidia. Ile rangi ilikuwa inakusumbua, nimetia kibao kwa pipa pamoja na hinges zangu za mageti. Inatoka tu yenyewe."

Nilichukua koleo nikakitoa. Kilikuwa cheusi, kina mashimo, neno INJINI limeliwa likabaki vijiti viwili. Namba saba haikuwepo kabisa.

Nilipiga kelele mpaka wenye saluni ya jirani wakatoka na vitana mikononi. Nilimwita Jamleck majina ambayo nilipaswa kuyatubu Jumapili. Kisha nikakirusha kile kibao ndani ya kreti ya vyuma chakavu kwa nguvu zangu zote, nikakaa kwenye kigoda, nikalia. Jamleck alisimama kwenye mstari wa chokaa, hathubutu kuvuka.

"Sikujua, Mama Quincy. Walahi sikujua."

Na alikuwa hajui. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, sikuwa na mtu wa kumlaumu vizuri.

Saa nane nilijikaza nikampigia mzee simu. Nilikuwa nimepanga uongo wa namna tatu, lakini aliposema "Haya, Mama Quincy" kwa ile sauti yake ya upole, ukweli ukanitoka wote. Nikasikia mbwa akibweka huko Karen.

"Herufi zimeisha?"

"Zimeisha, Mzee. Nisamehe."

"Na alumini yenyewe iko wapi?"

Nikadhani sikumwelewa. Akanieleza polepole. Katika Injini Nyuma, mwanachama anapoingia huleta pistoni iliyochakaa ya gari lake mwenyewe, nayo ndiyo inayoyeyushwa kumwaga kibao chake. Mimi miaka tisa sikujua. Vibao hunifikia vimeshaiva, kilichopikwa si habari yangu. Kibao namba saba kilikuwa pistoni ya gari la Wahu, lile alilokuwa akimpeleka nalo Nyawira shule.

"Herufi tutachonga zingine," akasema mzee. "Usitupe tu hiyo alumini."

Nikageuka kutazama kreti. Haikuwepo.

"Kijana wa Obuya amekuja kuchukua scrap saa saba, ulipotoka kunawa uso," Jamleck akasema kwa sauti ndogo. Obuya ndiye mwenye tanuri Dagoretti Corner, yule yule anayemwaga vibao ninavyopaka, na Alhamisi mchana ndiyo siku yake ya kuyeyusha.

Jamleck aliwasha pikipiki yake kabla sijasema neno. Sijui tulipitaje Ngong Road. Najua tu nilikuwa nimeshika koti lake kwa nyuma naomba Mungu, huku bado namtukana, maombi na matusi yakifuatana. Nilikuwa naogopa kweli. Gari lilikwisha kuuzwa, mwenyewe yuko kaburini, na kile kidogo kilichobaki nilikuwa nimekitupa mimi, kwa hasira zangu, si Jamleck.

Tulipofika tanuri lilikuwa linanguruma. Kreti yetu ilikuwa imepinduliwa, tupu. Nikapaza sauti.

"Obuya! Ile kitu nyeusi! Iko wapi?"

Obuya alituangalia kama wagonjwa. "Gani? Ile imeliwa na kostiki?" Akaonyesha kwa kidevu. "Nimeweka pale kando. Hiyo huwezi tia na zingine, inaleta mashimo. Lazima ioshwe kwanza na siki."

Ilikuwa juu ya tofali, imejikalia. Nilikumbatia ule weusi mpaka gauni likaharibika. Jamleck aliketi chini kwenye vumbi akacheka, na mimi nikacheka, na Obuya akatuacha akaendelea na kazi yake.

Asubuhi ya Ijumaa Mzee Ndegwa alikuja mwenyewe kwa Obuya, mimi na Jamleck tukiwa hapo. Obuya alikuwa amekiosha kile kipande na kukipima mkononi.

"Mzee, hii haitoshi. Kostiki imekula. Nikimwaga itaishia kwa namba. Niongeze ya gari ingine?"

"Ya gari ingine, hapana," mzee akasema. Akafikiri. Kisha akaingia garini bila kuaga, akarudi baada ya saa nzima na sufuria ndogo ya chai, ya alumini, imetoboka chini, mpini mmoja umeng'oka.

"Haipiki kitu tangu Wahu aende," akasema. "Lakini kuitupa nilishindwa."

Obuya aliipokea kwa mikono miwili. Aliikunja polepole kwa nyundo, akaitia tanurini pamoja na kile kipande, na sisi wanne tukasimama tukitazama vikilainika.

Obuya alipokwisha kukimwaga kibao upya na kikapoa, nilikipaka alasiri yote. Buluu ilishika. Nilipopitisha msasa, herufi zikatoka moja moja, na mwisho saba. Jamleck aliniangalia akiwa upande wake wa mstari, nami nikamwita avuke aje aone kwa karibu.

Jumamosi huko Karen yalikuja magari ishirini na kitu. Mzee alikifunga kibao nyuma ya gari la Nyawira, akamwambia kilitengenezwa kwa vitu gani, pistoni kwanza. Halafu akasema kuna sufuria pia.

"Ile ya chai?" Nyawira akauliza. "Ile ya mpini mmoja?"

"Ile."

Alipiga magoti kwenye nyasi, na gauni lake zuri, akaweka shavu kwenye kibao akafumba macho. Mimi nilimtafuta Jamleck, nikamkuta amesimama karibu na mahali pa nyama, nikamwambia anipakulie sahani. Nilikuwa sijala tangu Alhamisi.