Mkono wa Bwana Madaha

Kwa majuma manne nilifanya kazi chini ya meza. Juu yake alikaa Bwana Madaha, kikaragosi mwenye tai na kichwa cha sponji, mtangazaji wa kipindi cha muziki na vichekesho kila Jumamosi jioni, mbashara. Mkono uliokuwa ndani yake ulikuwa wangu. Sauti pia yangu. Sifa zote zake.

Studioni hata salamu sikupewa. Mwongozaji akiingia anamwinamia kikaragosi: "Bwana Madaha, umeamkaje?" Nami huko chini, magoti yamekufa ganzi, namjibia. Mpiga picha ndiye aliyezidi. Alikuwa ameonywa kwamba unywele wangu mmoja ukionekana, atafute kazi nyingine, kwa hiyo jicho lake halikubanduka kwa Madaha.

Shida ilikuwa mama. Aliwatangazia majirani kwamba mwanawe yuko kwenye televisheni. Wakaja, wakatazama, wakaona sponji. Jumamosi ya tatu akanipigia simu.

"Mwanangu, sema kweli, sitakugombeza. Una kazi au huna?"

Iliniuma mno.

Juma la nne tukaambiwa kipindi kinafutwa. Watoto walikuwa wanamwogopa Madaha, na wakubwa wamemchoka. Nikajiapiza kwamba Jumamosi hiyo ya mwisho, liwe liwalo, mama ataniona. Nikamwambia awaite majirani wote.

Wimbo wa mwisho ulipopigwa nikasimama, mkono juu, Madaha akiwa bado mkononi, na tabasamu nililolifanyia mazoezi siku nzima kwenye kioo cha choo. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Baadaye wakanionesha marudio. Nilivyonyanyuka, mpiga picha, mtiifu kupita kiasi, alimfuata Madaha. Kikaragosi kinapaa hadi kwenye taa za dari, na chini yake mkono mtupu unaishia kwenye kiwiko. Uso wangu haupo kabisa. Nilitamani kumpiga mtu, ila sikujua nianze na nani.

Simu ikaita.

"Nimekuona," mama akasema.

"Umeniona wapi, mama?"

"Kiwiko. Lile kovu la pasi si nililiuguza mimi? Nimewaambia wote, huyo ni wangu."

Machozi yakanilenga.

"Lakini mwanangu," akaendelea, "kiwiko kimepauka vile, huko kazini hata mafuta ya kupaka hakuna? Umeniaibisha mbele ya watu."