Springi za Rashid na Futari ya Wakwe

Kupanda gari la mumewe, Mwanatabu alihitaji kibao cha mbuzi. Si utani. Alikitoa jikoni kile kibao cha kukunia nazi, akakiweka kando ya mlango, akakikanyaga, na kabla hajajivuta juu akamtazama Rashid kwa jicho ambalo mwanamume mwenye haya akiliona angeuza gari siku hiyo hiyo. Rashid haya hana. Alisimama pale na funguo kidoleni, kidevu juu, akiona mke kukanyaga mbuzi ndiyo maendeleo.

Lilikuwa gari la heshima zake lilipotoka Japani, hilo Prado. Halafu mzee mzima akaingiwa na wazimu wa njia mbovu. Mtu mwenyewe karani wa bandarini, kutoka kwake Bofu mpaka kazini ni lami na feri tu, tope analolijua ni lile la mbele ya msikiti mvua ikinyesha. Lakini alikuwa ameona kwenye simu watu wakirukaruka na magari majangwani huko, akajiona naye yumo. Akaenda gereji moja Changamwe, akalinyanyua gari. Springi mpya, shokabsoba mpya, na tairi za matope zenye meno ambazo zikipita mtaani watu hudhani ni trekta la kaunti limekuja kuchonga barabara.

Sasa, springi huchaguliwa kwa mzigo. Ziko za gari linalobeba watu na vikapu vyao, na ziko za gari linalobeba mapipa ya mafuta, mahema na maji ya wiki nzima. Fundi alimwuliza, "Bosi, gari hubeba nini?" Rashid hubeba nini? Hubeba tumbo lake na gazeti. Akajibu, "Wewe weka zile nzito kabisa," kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama ya harusi. Fundi naye ana njaa yake, akaweka. Basi tangu siku ile gari likikanyaga hata ganda la ndizi linakurusha kichwa mpaka juu, maana springi zile zinangoja mzigo ambao haujaja na hautakuja.

Hayo yote Mwanatabu angeyavumilia. Alishavumilia sungura wa biashara waliokula mazulia, alishavumilia duka la miwani. Lakini futari ya wakwe si jambo la kuchezewa.

Binti yao Nasreen aliolewa mwezi wa Rajabu na Abdulghani, kijana mpole wa familia ya wakulima, huko mashambani ukishapita Shika Adabu na kuingia upande wa Kwale. Kijana hana neno. Neno analo mamake, Bi Mwanakombo. Bi Mwanakombo alikuwa ameshawaambia wanawake wenzake, na maneno yakavuka mashamba yote mpaka yakafika Bofu yakiwa bado ya moto: "Mwari ni mzuri, ila kwao hawapiki, hununua. Kuwasha moto kwenyewe hajui." Na Ramadhani ya kwanza, kwao bi harusi ndio wanaopeleka futari kwa wakwe. Bi Mwanakombo akatangaza kuwa siku hiyo jiko lake halitawashwa, wao watakaa mkekani wangoje cha Bofu. Kama chakula kingechelewa adhana, au kingefika kimeharibika, Nasreen angesimangwa kwacho mpaka azeeke. Mwanatabu alilijua hilo, na ndiyo maana siku hiyo alipika kwa hasira.

Akapika viazi vya nazi, mihogo ya nazi, samaki wa kupaka, tambi, mkate wa sinia, kaimati zilizonyweshwa shira, na sufuria la uji wa pilipili manga alilolifunika na kulifunga kwa leso. Akamwita Rama wa tuktuk. Rama huyu kila siku hupeleka trei za mayai madukani Shika Adabu, na hajasikika amevunja yai la mtu. Rama akaja, akatandika gunia, akawa tayari kupakia. Rashid akatoka nje na kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Hii nini?" akauliza. "Futari ya mwanangu iende na tuktuk? Wakwe waseme nini? Rama, nenda zako, yakhe. Leo gari lina kazi."

"Baba Nasreen," Mwanatabu alisema, "nakuomba. Gari lile kazi yake ni kukutetemesha mashavu. Wacha chakula kiende na Rama."

"Njia ya kule ina tope. Rama atakwama."

"Rama huzunguka na njia ya juu, ya msikitini."

"Mimi sizunguki," alisema Rashid, na akamkonyeza Rama, ambaye alikuwa ameshaelewa kuwa hapa hakuna mtu wa kusema naye, akakunja gunia lake na kuondoka.

Wakapakia nyuma. Sufuria la uji Mwanatabu hakuliamini kule, akalipakata mwenyewe.

Barabara kubwa ina matuta, na kila tuta lilikuwa msiba wa peke yake. Gari lilipanda vizuri, likashuka kwa kishindo, na nyuma vyombo vikagongana. Tairi zilinguruma hata ikabidi waseme kwa kupiga kelele, watu wawili wamefunga, koo kavu.

"Polepole!" alisema Mwanatabu.

"Springi mpya hizi, bado zinazoea!"

"Zinazoea nini, mwezi wa tatu huu? Wewe ndiye umezoea upuuzi!"

"Ukiwa na mzigo zinatulia!"

"Basi ungemchukua mamako na dada zako wote, tukapata uzito!"

Rashid alikuwa anajitazama kwenye vioo vya maduka wakipita, mtu wa miaka hamsini na mvi zake.

Walipoacha lami uji ukaanza. Kwanza tone, halafu kijito, halafu leso ikalowa na buibui likalowa, na pilipili manga ikamfika mapajani ikimchoma. Mwanatabu alilishika lile sufuria kwa mikono miwili, akalibana kwa magoti, akasema astaghfirullah mara nyingi kuliko alivyosema mwezi mzima, maana kila alipofungua kinywa kulikuwa na neno lingine lililotaka kutoka, na saumu ilikuwa imebakisha kidogo tu.

Wakafika bondeni. Mvua ya juzi ilikuwa imelijaza tope jeusi, zito. Kushoto ilipanda ile njia ya msikitini, kavu, imepitwa na tuktuk na baiskeli mpaka imelainika. Mtoto mdogo angeiona. Rashid aliiona pia, akaiangalia kwa dharau.

"Usithubutu," alisema Mwanatabu.

"Sasa utaona pesa imekwenda wapi."

Akatia gia ya chini, akakanyaga mafuta. Na hapa lazima isemwe kweli, ijapokuwa inauma: lilivuka. Zile tairi zililitafuna tope, gari likalala upande, likainuka, likarukaruka kama punda aliyeumwa na siafu, tope likapiga vioo, Rashid akapiga ukelele, na wakatokea ng'ambo. Akasimamisha gari. Akamgeukia mkewe, uso wote meno.

"Umeona?"

Mwanatabu aligeuka, lakini hakumtazama yeye, alitazama nyuma. Samaki alikuwa ndani ya tambi. Viazi vilikuwa juu ya kiti. Kaimati zilikuwa zimetawanyika mpaka kwenye jeki, na shira yote imenywewa na zulia la gari. Mkate wa sinia ulikuwa umejibandika kwenye kioo. Aliona kazi ya mikono yake ya tangu adhuhuri imemwagwa kama makombo ya paka, kisha kwa fikira akamwona Nasreen ameinamisha kichwa mkekani, na hamu ya kutukana ikamtoka.

"Endesha," alisema.

Walifika jua limeshalala juu ya minazi. Wanaume wa nyumba ile waliliona gari wakalizunguka, na Rashid hakungoja hata kusalimiwa vizuri, alikuwa ameshachuchumaa anawaonyesha springi. Nasreen akaja mbio na kupiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwanatabu. "Nasreen, usifungue mlango wa nyuma."

Nasreen akaufungua. Akatazama kitambo, wala hakushtuka. Akaufunga kimyakimya.

"Njoo jikoni, mama," alinong'ona. "Mama mkwe yuko darsani tangu alasiri. Adhuhuri baba alinipigia simu akijisifu kuwa ataleta na gari lake; mkwe alipotoka tu, nikawasha moto."

Kule bandani kila kitu kilikuwa tayari. Viazi, mihogo, samaki wa kupaka, kaimati za duara moja, na uji. Mwanatabu alionja kwa macho tu, kwa kuwa amefunga, lakini mpishi humjua mpishi. Wakahamishia vile vyakula kwenye vyombo vya Bofu, haraka haraka, mama na binti, na Mwanatabu akavaa buibui kavu la mwanawe. Nasreen alikuwa ameamua: sifa iende kwao, aibu isiingie. Na Mwanatabu, kwa wakati ule, alishukuru.

Bi Mwanakombo akarudi, adhana ikalia, watu wakakaa mkekani. Tende, maji, kisha uji. Bi Mwanakombo akanywa. Akamega kiazi. Akachukua kaimati, akachukua ya pili, akachukua ya tatu.

"Mashaallah, mkwe," alisema. "Nilikuwa nimesikia vingine. Kumbe Bofu kuna mikono." Kisha akamgeukia Nasreen aliyekuwa akimimina uji. "Umeona upishi huo, mwari? Mamako anajua, na wewe humfuati. Nenda kwenu hata wiki mbili, ukafunzwe."

Nasreen akasema, "Abee, mama," akainamisha macho.

"Na halikumwagika hata tone," Rashid, ambaye nyuma hakutazama hata mara moja, alidakia, shavu moja limejaa. "Njia yote ile. Springi hizo!"

Mwanatabu akaweka bakuli chini. Wallahi alikuwa amekusudia kunyamaza. Alikuwa ameapa pale jikoni. Lakini kumwona mwanawe anasimangwa kwa chakula chake mwenyewe, na yule pale anajisifu kwa kaimati ambayo hakuibeba, aa, hapana.

"Bi Mwanakombo," alisema, na mkeka mzima ukamsikia, "unachokila ni mkono wa Nasreen. Hiki chote, uji mpaka shira, amekipika yeye leo, katika jiko lako, ulipokuwa darsani. Changu mimi kiko garini. Samaki yuko kwenye tambi na mkate uko kwenye kioo, nendeni mkatazame. Mtoto alimjua babake, akapika mapema. Mimi nimekaa naye miaka ishirini na nne, na bado nilipanda."

Abdulghani alimtazama mkewe mpaka akasahau kutafuna. Bi Mwanakombo alikaa na kaimati mkononi, akaitazama upande huu na upande huu. Kisha akaitia kinywani, akaila yote, akanyoosha bakuli lake kwa Nasreen.

"Niongezee uji," alisema. "Na kesho nionyeshe hii shira umeitia nini."

Rashid akameza. Akatazama mmoja, akatazama mwingine, akitafuta mwanamume mwenzake hata mmoja wa kumuunga mkono.

"Lakini tope," alisema, "si tulilivuka?"